Turbo ya maji au ya oili tupu kwa 1HZ inayopanda kutoka kreta?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, bodi imerefushwa kwa kazi ya watalii. Natembea Arusha, Karatu, Ngorongoro na Serengeti mwaka mzima. Nikipanda kutoka kreta kwa barabara ya Lerai nikiwa na abiria sita, gari linatoa moshi mweusi, halina nguvu, na mshale wa joto unaanza kusogea. Nataka kufunga turbo. Nimeonyeshwa mbili: moja inapozwa kwa oili tupu, nyingine ina matundu ya maji pia na bei yake imezidi. Fundi wangu anasema ya maji itanichemshia injini kwa sababu inaleta joto la eksozi kwenye rejeta. Mwingine anasema hiyo hiyo ya maji ndiyo itakayonimalizia tatizo la kuchemsha. Nimsikilize nani? Na maji niyachukue wapi? Themostati (ile vali ya joto inayofungulia maji njia ya rejeta) ilishatolewa siku nyingi, kwa hiyo upande huo hakuna shida.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Chukua ile ya maji, lakini usiifunge bado. Mafundi wako wote wawili wamekosea, na ile sentensi yako ya mwisho kuhusu themostati imenishtua kuliko swali lenyewe. Nitaifikia.

Tuanze na kazi ya maji ndani ya turbo, maana ugomvi wote umetokea hapo. Turbo ina upande wa eksozi, ambako moshi wa moto unazungusha gurudumu, na upande wa hewa, ambako gurudumu la pili linasukuma hewa kwenda kwenye injini. Katikati ipo shafti moja inayoyaunganisha, nayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Gari likiwa linatembea, anayepoza shafti na beringi zake ni oili: inaingia kwa presha, inachukua joto, inashuka sampu, lile karai la oili chini ya injini. Wakati huo maji ni msaidizi tu. Zamu yake hasa inaanza ukizima injini.

Ukizima, pampu ya oili imesimama. Lakini lile gamba la upande wa eksozi ni chuma kizito ambacho dakika moja nyuma kilikuwa kinapitisha moshi wa nyuzi 600 za Selsiasi. Joto hilo halipotei kwa sababu umechomoa ufunguo. Linatambaa kupitia shafti na gamba la katikati mpaka kwenye beringi. Ndiyo maana beringi ya turbo hupata joto kali zaidi dakika chache baada ya kuzima kuliko ilivyokuwa mlimani. Oili kidogo iliyobaki pale inaungua na kugandamana kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Leo ukoko kidogo, kesho kidogo, mpaka tundu la kuingizia oili linakuwa jembamba na beringi inaanza kukwanguliwa. Turbo inakufa, na mwenye gari anailaumu turbo.

Chemba ya maji imezunguka sehemu hiyo ya katikati. Injini ikishazimwa, maji yaliyomo yanapata moto, yanakuwa mepesi, yanapanda kwenye hosi ya juu, na yaliyopoa yanaingia kutoka chini. Yanazunguka yenyewe bila pampu. Kama umewahi kuona Subaru Forester yenye turbo, kile kitanki kidogo cha maji kilichowekwa juu ya injini kinafanya kazi hiyo: kiko juu kuliko turbo ili maji ya moto yawe na pa kwenda gari likizimwa.

Sasa angalia kazi yako. Unatoka sakafu ya kreta kwa Lerai, unapanda karibu mita 600 kwa gia ndogo, gari likitembea taratibu kiasi kwamba upepo wa mbele haupo kabisa. Ukifika ukingoni, mgeni mmoja anasema anataka picha. Unasogea pembeni na kuzima ili asisumbuliwe na mlio. Kwa turbo hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo, nawe unaitoa kila siku ya kazi. Kwa sababu hiyo tu nakwambia lipa hiyo nyongeza. Angekuwa ni mtu wa pikapu ya dizeli anayekwenda Dar na Chalinze, ningemwambia oili tupu inamtosha. Malori mengi ya dizeli yanaishi hivyo miaka na miaka kwa sababu eksozi ya dizeli haina moto kama ya petroli. Petroli yenye turbo inaweza kufika nyuzi 950 na kupita, na ndiyo sababu magari madogo ya petroli yenye turbo, karibu yote yana ile ya maji. Wewe una dizeli, lakini mazoea yako ya kuzima ni mabaya kuliko ya mwenye petroli.

Kuhusu fundi wa kwanza, anayeogopa rejeta: ni kweli maji ya turbo yanabeba joto kurudi kwenye mfumo. Ila tazama ukubwa wake. Dizeli unayochoma, kwa makadirio, theluthi moja ndiyo inasukuma gari, theluthi nyingine inatoka na moshi, na iliyobaki inaishia kwenye maji, oili na chuma cha injini. 1HZ ina takriban kilowati 96 ikikamuliwa, kwa hiyo rejeta yako mlimani inabeba joto linalokaribia hapo. Maji ya turbo yanaongeza kilowati chache. Kama rejeta yako inazidiwa na hizo chache, basi ilikuwa imeshazidiwa kabla, na turbo imekuja kuonyesha tu.

Fundi wa pili ndiye atakayekuumiza zaidi, kwa sababu anakupa matumaini. Maji ya turbo hayapozi injini. Hayagusi pistoni, hayagusi hedi, yaani kichwa cha injini juu ya silinda. Injini inachemka kwa sababu ya dizeli inayoungua ndani yake na kwa sababu ya rejeta isiyoweza kulitupa joto hilo nje. Ukifunga turbo, ukaongeza dizeli kwa asilimia 30 ili upate nguvu, umeongeza joto kwenye rejeta kwa kiasi kama hicho hicho, hata turbo yenyewe ingekuwa inapozwa kwa barafu.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo 1HZ zinapofia.

Injini hii ni silinda sita, cc 4,164, haikuzaliwa na turbo. Dizeli yake inaungua kwanza kwenye vichemba vidogo ndani ya hedi kabla moto haujatoka kwenda juu ya pistoni. Kugandamiza kwake ni 22.4 kwa 1. Toyota wenyewe walipotaka turbo kwenye injini ya ukoo huo mwaka 1990 walitoa 1HD-T, wakashusha mgandamizo mpaka 18.6 kwa 1 na kupuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Hawakubadilisha vitu hivyo kwa kujifurahisha. Kwenye 1HZ, joto likizidi, nyufa zinaanza kwenye hedi, pale penye chuma chembamba kati ya vali na vile vichemba. Mara nyingi mshale wa maji hauna habari mpaka ufa umeshafunguka, kwa sababu mshale unapima maji, na tatizo lilikuwa ni joto la moshi wa eksozi.

Sasa ule moshi wako mweusi. Ukingoni mwa Ngorongoro uko kama mita 2,300 juu ya bahari. Presha ya hewa huko imepungua karibu robo ukilinganisha na Tanga. Injini inavuta hewa pungufu, lakini pampu ya dizeli, kama haina kifaa cha kurekebisha mwinuko au kama kifaa hicho kimekufa, inaendelea kumimina dizeli ile ile ya Tanga. Dizeli nyingi na hewa kidogo ndiyo moshi mweusi, na pia ndiyo joto kali la eksozi. Kwa maneno mengine, injini yako inaungua kupita kiasi sasa hivi, kabla hata ya turbo.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa watu wa ukanda huo ni tofauti na ule unaousikia kwa vijana wa mashindano. Funga turbo ya upole, boosti (presha ya hewa inayoongezwa na turbo) ya 0.4 mpaka 0.5 bar, na usiguse skrubu ya kuongezea dizeli kwenye pampu kwa mwezi wa kwanza. Hewa iliyopungua inarudi na kuzidi kidogo ile ya pwani, moshi unapungua, na joto la eksozi linashuka badala ya kupanda. Nguvu utakayoipata itakushangaza, kwa sababu ile dizeli uliyokuwa unaitoa kama moshi sasa inaungua yote. Wengi wanaishia hapo na wanaridhika. Anayetaka zaidi ndiye anaanza kufungua skrubu, na huyo lazima awe na geji.

Geji ninayosema ni ya joto la eksozi, si ya maji. Waya wake unaingia kwenye manifoldi (chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote) kabla ya turbo, si kwenye bomba baada yake. Baada ya turbo kipimo kinasoma chini kwa nyuzi mia moja na zaidi ukiwa mlimani, na hicho ndicho kinachowadanganya watu. Wakati wa kutoboa manifoldi, ivue. Vumbi la chuma likibaki ndani, gurudumu la turbo litalipokea. Kwa 1HZ mimi sipendi nione inazidi 650 kwenye mlima mrefu. Ikifika 700, punguza mguu, shuka gia moja, acha injini izunguke haraka na mzigo upungue. Madereva wetu wengi wanafanya kinyume: wanang'ang'ania gia kubwa na kukanyaga mpaka sakafuni, injini inaguna kwa mizunguko 1,400. Hiyo ndiyo namna ya haraka zaidi ya kupasua hedi, turbo iwepo au isiwepo.

Na themostati. Ndugu yangu, aliyekutolea alikuharibia. Najua hoja yao: "ukiitoa maji yanapita wazi, gari linapoa." Themostati za Toyota nyingi za aina hii zina sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya rejeta. Ya chini, injini ikipata moto, inaziba njia ya mkato ambayo maji huitumia kuzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji yako inazunguka ndani kwa ndani na moto wake, rejeta haiyaoni. Kwenye tambarare hutagundua. Asubuhi Karatu kwenye baridi injini itachelewa kupata joto, oili itabaki nzito, silinda zitasagika. Kwenye Lerai itachemka. Rudisha themostati halisi, ya nyuzi zilizoandikwa kwa injini yako, na kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto uione ikifunguka kwa macho yako. Za bandia nyingi hazifunguki mpaka mwisho.

Ukishairudisha, kagua rejeta kabla ya kununua hata bolti moja ya turbo. Magari ya porini yanaziba kwa nje kuliko kwa ndani: mbegu za nyasi, vumbi la njia ya Olduvai, matope yaliyokaukia kati ya rejeta na kondensa ya AC. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji ya presha ndogo, usikunje mapezi. Halafu tazama umeweka nini mbele ya grili. Nimeona gari lenye taa nne kubwa, bampa la chuma, na bango la kampuni limefungwa katikati ya grili, mwenyewe analalamika kuchemsha.

Kava la feni lipo? Lile plastiki linalozunguka feni watu hulivua likipasuka na hawarudishi. Bila hilo, feni inazungusha hewa ile ile ya injini badala ya kuvuta kupitia rejeta, na wewe mwendo wako wa kupanda haukupi upepo wowote. Kluchi ya feni nayo: injini ikiwa moto, zima, jaribu kuizungusha kwa mkono. Ikizunguka kirahisi kama pangaboi, oili ya silikoni ndani yake imekwisha. Inajazwa au inabadilishwa. Kwa kazi yako kluchi nzuri ya feni ina faida kuliko rejeta mpya.

Kuna na kifuniko cha rejeta, kitu cha bei ndogo ambacho watu hawakiheshimu. Huko juu ukingoni, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 92 tu. Kifuniko kizima cha 0.9 bar kinayapandisha mpaka kama 114 kabla hayajachemka. Kifuniko chenye mpira uliokufa kinakunyang'anya nyuzi zaidi ya ishirini, na utaona gari linatema maji ukadhani injini imechoka. Badilisha, weka cha namba ile ile.

Weka kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Maji ya kisima au ya mto yana chumvi, na chumvi inaganda kwenye sehemu ya moto zaidi na njia nyembamba zaidi. Ukishafunga turbo ya maji, njia nyembamba na ya moto zaidi kwenye gari lako itakuwa pale pale kwenye turbo. Hosi zake ni za milimita nane au kumi hivi. Miezi michache ya maji ya bomba la kijiji, zitakuwa zimeziba na utakuwa na turbo ya oili tupu uliyoilipia bei ya maji. Porini ukiishiwa, jaza unachopata ufike nyumbani, kisha mwaga na kuosha.

Mshale wa dashibodi usiuamini sana. Za Toyota nyingi zimetengenezwa zitulie katikati kwa muda mrefu ili dereva asibabaike. Ukiuona unasogea, ujue maji yameshapanda muda. Geji ndogo ya kidijitali yenye sensa yake itakuonyesha nyuzi halisi na kukulilia kabla.

Mambo hayo yakiwa sawa, sasa tufunge turbo yako.

Maji ya kuingia yachukue mahali pa chini penye presha ya pampu. Pembeni mwa bloku kuna plagi za kumwagia maji. Moja inaweza kuwekewa kiunganishi. Wengine wanachukua kwenye hosi inayokwenda hita. Inafaa, ila angalia kama hita yako ina vali inayokata maji ukizima joto la ndani. Kama ipo na ukaunga turbo baada ya vali hiyo, turbo itapata maji siku za baridi ya Ngorongoro tu. Unga kabla ya vali, na usiiweke turbo kwenye mstari mmoja na hita. Ipe tawi lake.

Maji yaingie tundu la chini la turbo na kutoka la juu. Gamba la katikati liinamishwe kidogo, nyuzi 20 hivi kutoka mlalo, ili tundu la kutokea liwe juu kweli, na hosi ya kutokea iendelee kupanda bila kushuka mpaka inapoungana na mfumo, karibu na njia ya juu ya kwenda rejeta. Hilo la kutoshuka nililijifunza kwa gharama. Kazi yangu moja ya mwanzo nilipitisha hosi vizuri sana kwa macho, nikaipandisha juu ya bomba la hewa na kuishusha upande wa pili ifiche sura. Pale juu pakawa na kilima, hewa ikakaa. Injini ikiwaka, pampu ilikuwa inalazimisha maji yapite. Ikizimwa, mvuke ulisimama kileleni na mzunguko wa asili ukafa. Mteja alirudi turbo ikiwa na ukoko kama ya mtu asiye na maji kabisa. Nilimlipa, na tangu siku hiyo nafuata hosi kwa kidole mwanzo mpaka mwisho kabla ya kukaza klipu. Ukimaliza kujaza, washa gari likiwa pua juu kwenye mteremko, hita wazi, utoe hewa yote.

Kosa jingine nililoliona ni kubwa kuliko langu. Gereji moja ilifunga turbo ya maji, ikaona uvivu kuvuta hosi, ikaziba matundu yote mawili kwa bolti, na ndani kulikuwa na maji yaliyobaki. Maji yaliyofungiwa ndani ya chuma cha moto ni bomu. Gamba lilipasuka. Kama mtu hana nia ya kuunga maji, anunue ya oili tupu.

Usichanganye pia turbo ya maji na intakula ya maji, maana nahisi fundi wako wa pili amechanganya. Intakula inapoza hewa inayotoka turbo kabla haijaingia silinda. Ukingoni, hewa ya nyuzi 20 ikisukumwa kwa boosti ya 0.5 bar na kompresa ya kawaida inatoka karibu na nyuzi 90. Intakula nzuri inairudisha hadi arobaini na kitu, na joto la eksozi linashuka nalo. Ni kitu kizuri. Lakini ya kuweka mbele ya rejeta inaziba upepo wako mdogo ulio nao, na ya maji inahitaji maji yake, pampu yake na kirejeta chake. Maji ya injini yenye nyuzi 85 hayawezi kupoza hewa ya 90. Kwa boosti ya upole niliyokutajia, anza bila intakula. Ukitaka kuongeza baadaye, tutaongea.

Oili ndiyo itakayoamua umri wa turbo hata ukiwa na maji. Bomba la kurudishia oili liwe nene, lishuke karibu wima, na liingie sampu juu ya usawa wa oili. Oili ikitoka turbo ni povu, haisukumwi na chochote ila uzito wake. Bomba likiwa jembamba au limepindwa, oili inarudi nyuma na kutokea kwenye sili, gari linatoa moshi wa bluu na watu wanasema turbo imekufa wakati bomba ndilo limekufa. Tumia 15W-40 ya dizeli yenye alama ya CI-4 au zaidi na umwage kila kilomita 5,000. Vumbi lako halisamehe. Filta ya hewa nayo ikaguliwe kila unaporudi Arusha. Mkonga, lile bomba la kuvutia hewa lililopanda pembeni mwa kioo, hauchuji vumbi, unalichukua tu kutoka juu zaidi.

Ukitaka kuvika turbo blanketi la kuzuia joto, sawa, litalinda nyaya na boneti. Ila jua linalifungia joto ndani, na baada ya kuzima beringi zinapata zaidi. Blanketi kwenye turbo ya oili tupu kwa kazi yako singeruhusu. Kwenye ya maji, sina pingamizi.

Na kwa kuwa turbo ina maji, usidhani umeruhusiwa kuzima papo hapo. Ukifika ukingoni acha injini ilale saileni, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, dakika mbili wakati abiria wanashuka. Kama umeweka geji ya eksozi, subiri ishuke chini ya 250 halafu zima.

Umesema umeonyeshwa mbili lakini hukusema ni mpya au za kuvuliwa. Kama ni ya kuvuliwa, shika shafti upande wa hewa, itikise kushoto na kulia: mchezo mdogo ni kawaida kwa sababu oili haipo. Isukume na kuivuta kwa urefu wake: hapo mchezo usiwepo wa kusikika kwa kidole. Zungusha gurudumu huku umelibana upande mmoja. Likigusa gamba, iache. Angalia ncha za mapanga kama zimeliwa na mchanga. Kisha chungulia matundu ya maji kwa tochi. Ukiona kutu nyekundu imejaa au chumvi nyeupe, muulize muuzaji ilikuwa inatumia maji gani, na umrudishie.